Jenereta Iliyozima Kila Ijumaa

Bi Zaitun binti Gharibu hakununua maziwa bila kuyanusa, na hakuyanunua kwa muuzaji mmoja wiki mbili mfululizo. Muuzaji akishakuzoea, alisema, ndipo anapokumbuka ndoo ya maji. Magunia ya mchele dukani kwake aliyafunga kwa fundo alilofundishwa na babake huko Ujiji, fundo ambalo ukilifungua huwezi kulirudisha lilivyokuwa. Sisi majirani zake wa Kasulu tulimcheka kwa hayo. Lakini mtu akisafiri, ufunguo wa nyumba alimwachia yeye.

Mumewe, Nurudini, alikuwa kinyume chake kabisa. Aliendesha malori miaka mingi kati ya Kigoma na Tabora, na katika kazi hiyo alishawaazima watu jeki, turubai, hata tairi la akiba, na vingi havikurudi. Hakulalamika. "Huenda bado wanavihitaji," alikuwa akisema, na mkewe akageukia ukuta ili asimjibu. Mgongo ulipomshinda aliacha malori, akakaa nyumbani akitengeneza redio za watu. Bi Zaitun akaendelea na biashara yake: mchele, juisi ya ubuyu, barafu, na samaki wa Kigoma, migebuka na kuhe, waliolala kwenye friza mbili kubwa katika chumba cha mbele.

Friza zile ndizo zilizomwingiza Bi Zaitun katika mambo ya umeme. Mwaka ule wa 2013 nguzo zilikuwa zimefika mjini, ila ziliishia njia panda, mtaa wetu ukabaki unazitazama. Wenye maduka wa mtaa, wengi wao Waislamu wenye ndugu Ujiji na pwani, wakachanga wakanunua jenereta kuukuu. Wakaijengea banda la mabati nyuma ya soko dogo, wakavuta nyaya mpaka kila duka. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Khamisi, muuza vitambaa. Wa kuiendesha wakamwajiri Reverien, Muha wa Nyakitonto, Mkatoliki, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Aliiwasha asubuhi, akaizima jioni, na katikati akakaa nayo kama mtu anayechunga ng'ombe mmoja tu.

Nurudini naye akaleta la kwake. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, ofisi moja ya misaada iliuza vitu vyake kwa mnada, na yeye akarudi nyumbani na paneli za sola, betri kuukuu zenye uzito wa mawe ya kusagia, na kisanduku cha chuma chenye kioo kidogo usoni: inverta. Bazilio, fundi wa Kibondo, akaja kuifunga. Kisanduku kile kilichukua umeme wa jua, kikailisha nyumba na betri, na ule uliozidi kikausukuma kwenye waya wa mtaa ili jenereta ipunguze kunywa dizeli. Mzee Khamisi aliridhia kwa sharti moja: kisisukume zaidi ya ampea tano, maana aliambiwa na waliomuuzia jenereta kwamba haipendi kusukumwa. Bazilio akabonyeza vitufe mbele ya wazee, kioo kikaandika tano, wazee wakaridhika, wakanywa juisi ya Bi Zaitun, wakaondoka. Bi Zaitun mwenyewe hakukigusa kisanduku kile. Kilikuwa na kijifeni ndani kilichohema, naye hakupenda kitu kisicho na roho kinachohema.

Kiangazi kilipokolea, jua likawa kali tangu asubuhi, jenereta ikaanza kuzima. Haikuzima ovyo ovyo. Ilizima Ijumaa, adhuhuri, maduka yamefungwa na wanaume wako msikitini. Wakitoka kuswali wanamkuta Reverien ameshaiwasha, au anahangaika nayo mikono imejaa oili, na siku nyingine iligoma mpaka alasiri. Ukimuuliza anakujibu, "Imezima yenyewe."

"Yenyewe!" Bi Zaitun alilirudia neno hilo nyumbani, akilitamka polepole kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. "Jenereta inaijua Ijumaa?"

"Chuma kina matatizo yake," alisema Nurudini, amepiga magoti mbele ya redio iliyofunguliwa.

"Chuma hakisikii adhana, Baba Shamsia. Anayesikia adhana ni mtu."

Alikuwa na sababu ya kukasirika. Jenereta ikizima, kisanduku na zile betri za mnada viliweza taa na redio tu, kuziamsha friza bila jenereta havikuweza. Barafu ililainika. Mama mmoja alirudisha migebuka akisema ina harufu, akasema hivyo kwa sauti, mbele ya wateja. Tangu siku ile Bi Zaitun akawa na jibu: wanaume wote wakiwa msikitini, nani anaona dumu likijazwa dizeli na kupelekwa Nyakitonto?

Alichukua jagi la juisi akaenda bandani, kama mtu aliyepita tu.

"Mwidiwe," Reverien alimwamkia kwa Kiha, akiinuka.

"Mwidiwe. Habari za kazi?"

"Kazi ipo, mama."

"Mafuta yanatosha?"

"Yanatosha."

"Yanamtosha nani?"

Reverien alimtazama, bilauri ya juisi mkononi. "Yanaitosha jenereta, mama," alisema.

Bi Zaitun aliyapima maneno yale njia nzima akirudi. Mtu asiye na kosa, aliwaza, angeuliza kwa nini anaulizwa. Kabla ya kuondoka alikuwa ameegemea pipa la dizeli, na kwa kipande cha mkaa akachora mstari mdogo pale kina cha mafuta kilipofikia kwenye bomba la kioo lililokuwa ubavuni. Siku chache baadaye alipita tena, akakuta mafuta yameshuka chini ya mstari wake. Kwamba jenereta inakunywa kila siku, hilo hakulitia maanani.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kukaa kwa fundi cherehani ambaye dirisha lake linatazama banda. Alisema amekuja kuchagua vifungo. Wanaume walipita na kanzu zao, maduka yakateremsha milango, mtaa ukatulia, ikabaki sauti ya jenereta peke yake. Reverien akatoka nje ya banda. Akakaa juu ya jiwe, akafungua karatasi, akaanza kula mhogo wa kuchoma.

Mara sauti ya jenereta ikabadilika. Haikukohoa kama mashine iliyokosa mafuta. Ilipanda, ikawa nyepesi, kama lori lililoachiwa mteremkoni, halafu ikakata. Reverien alitupa mhogo wake, akakimbilia ndani.

Bi Zaitun aliona yote hayo. Aliona kwamba jenereta inazima, mwendeshaji wake yu nje, mkono mmoja una mhogo na mwingine una chumvi. Mtu mwingine angerudi nyumbani na shaka imepungua. Yeye alirudi nayo imeongezeka. Lazima kuna kamba, aliwaza. Au waya. Au kuna mtu wa pili ndani ya banda, na huyu amekaa nje makusudi ili aonekane.

Kikao kilifanyika barazani kwa Mzee Khamisi. Reverien aliitwa, akasimama pembeni ya ngazi, kofia mkononi. Watu walikuwa wameshasema mengi kabla hajafika. Kilichohitajika ni shahidi, na mtaa mzima ulijua kwamba Bi Zaitun alikuwa dirishani kwa fundi cherehani.

"Bi Zaitun," alisema Mzee Khamisi, "wewe ulikuwepo. Tuambie."

"Nilikuwepo. Jenereta ilizima, na pale hapakuwa na mtu ila yeye."

Kila neno lilikuwa kweli. Mzee Khamisi akaguna, wengine wakatazamana.

"Mama," alisema Reverien, "si nilikuwa nimekaa nje? Si uliniona nakula?"

Wote wakamgeukia Bi Zaitun. Nurudini, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, naye akamtazama.

"Kula," alisema Bi Zaitun, "hakumzuii mtu kuwa na njia zake."

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomfukuza Reverien kazi. Maneno ya Mzee Khamisi yalikuja baadaye tu, kukamilisha. Reverien aliweka ufunguo wa banda juu ya mkeka, akasema neno moja la Kiha ambalo hakuna aliyelitafsiri, akapanda baiskeli yake.

Banda akapewa Hilali, shemeji yake Mzee Khamisi, mtu mzima aliyewahi kuwa utingo wa malori na hakosi swala, ila Ijumaa sasa ilimbidi abaki bandani. Ijumaa ya kwanza ya Hilali, jenereta ikazima. Ya pili, ikazima.

Hapo mtaa ukavurugika. Wengine walisema Reverien ameacha kitu bandani, wakafukua chini ya jenereta wakapata bolti moja na mfupa wa kuku, na mfupa ule ukazua maneno ya siku kadhaa. Wengine walisema Hilali amejifunza haraka. Mzee Khamisi alisikia hilo la shemeji yake, akaacha kuwasalimia watu wawili. Bi Zaitun naye, kila Hilali alipokuja kununua barafu, alimwomba ashike mfuko kwa mikono yote miwili, apate kuinusa. Mikono ilinuka dizeli. Ingenuka nini kingine?

Katikati ya vurugu hizo Nurudini aliitwa Ujiji, shangazi yake mgonjwa. Kabla ya kuondoka alizima kisanduku, maana betri zile zilitaka kuongezwa maji mara kwa mara na hakuna mwingine aliyeziweza. Shangazi alifariki, mazishi yakafuatwa na mambo ya mirathi, naye akakawia huko.

Ijumaa ikaja, jenereta haikuzima. Ikaja nyingine, jenereta ikanguruma swala nzima bila kutetereka. Watu wakamshukuru Mungu, wakamsifu Hilali, Mzee Khamisi akaanza tena kusalimia. Kila mtu alipumua isipokuwa Bi Zaitun. Yeye alikaa mlangoni kwake, mikono mapajani, akijiuliza swali ambalo hakulipenda: amani hii ilipokuja mtaani, ni nani aliyekuwa ameondoka?

Aliyeondoka alikuwa mmoja tu.

Akaanza kukumbuka. Ijumaa Nurudini hutoka nyumbani mapema kuliko wote, adhana bado. Husema anawahi safu ya mbele. Hupita nyuma ya soko, kando ya banda, ingawa njia ya barabarani ni nyoofu zaidi. Na mtu aliyetoa tairi lake la akiba kwa asiyemjua, akiombwa dumu la dizeli na rafiki wa zamani wa malori, atasema hapana kwa mdomo gani? Bi Zaitun alijaribu kuifukuza fikra ile. Ilikaa kama mwiba wa mgebuka kooni: ukimeza unachoma, ukikohoa unachoma.

Nurudini alirudi na mfuko wa dagaa na huzuni ya msiba. Akaongeza maji kwenye betri, akapandisha swichi, kijifeni kikaanza kuhema. Mkewe alimpokea, akampikia, akamuuliza habari za marehemu. Na Ijumaa ilipofika, alipomsikia akifunga mlango wa mbele, alijitanda buibui lake akamfuata.

Alimfuata kwa mbali. Nurudini alitembea taratibu, mkono mmoja kiunoni kwa ajili ya mgongo. Alipita nyuma ya soko, na pale nyuma ya soko palikuwa na kivuli cha mikaratusi njia nzima. Alipita bandani bila kugeuza shingo. Alifika msikitini, akavua makubazi, akaingia. Bi Zaitun alisimama kwenye ukuta wa duka lililofungwa upande wa pili, mahali ambapo kupitia mlangoni aliweza kuuona mgongo wa mumewe katika safu ya mbele. Alisimama hapo jua likimchoma kichwani. Hotuba ikaanza.

Kisha akaisikia jenereta. Ikapanda, ikawa nyepesi, ikakata.

Mgongo wa Nurudini haukutikisika.

Alikuwa ameishiwa watu wa kuwashuku. Reverien hakuwepo mjini, Hilali alimsikia akilaani bandani, na mumewe alikuwa mbele ya macho yake. Bi Zaitun alirudi nyumbani haraka, si kwa sababu alijua kitu, ni kwa sababu hakutaka mtu amuone amesimama pale.

Alikaa kwenye kigoda katika chumba cha mbele. Hilali aliwasha jenereta, friza zote mbili zikashtuka zikaanza kuvuma. Ijumaa saa za swala hakuna mteja, kwa hiyo hakuna aliyefunua vifuniko. Zikavuma, zikapoa vya kutosha, ya kwanza ikanyamaza. Halafu ya pili. Chumba kikawa kimya, na katika ukimya ule kijifeni cha kisanduku kikaongeza kasi. Nyuma ya soko, sauti ya jenereta ikapanda, ikawa nyepesi, ikakata.

Bi Zaitun aliinua kichwa.

Hilali akaiwasha tena. Friza zikavuma. Yeye akasubiri, safari hii amesimama, shingo ameielekeza ukutani. Ya kwanza ikanyamaza, ya pili ikanyamaza, kijifeni kikahema kwa nguvu, na jenereta ikakata.

Ilipowashwa mara nyingine alizungushia kiganja chake pembe ya kanga, akasogea kwenye kile kisanduku asichokigusa tangu kiingie nyumbani mwake, akashika swichi kubwa ya ubavuni, akaivuta chini. Kijifeni kikafa. Friza zikavuma, zikanyamaza zote mbili. Akangoja. Jenereta ikaendelea kunguruma nyuma ya soko kama kwamba haikuwahi kuwa na shida duniani.

Alikaa chini. Hakuna aliyemwona. Angeweza kuishusha swichi ile kila Ijumaa na kuipandisha jioni, mtaa ukaendelea kumsifu Hilali, na jina la Reverien likabaki lilipotupwa. Aliliwaza hilo kwa muda, nalo lilikuwa wazo zuri, jepesi. Mpaka wanaume wanarudi kutoka msikitini alikuwa bado amekaa, na Nurudini alipoingia alimwambia kabla hajavua kofia.

"Ni kisanduku chako."

Nurudini, ambaye hakuwahi kukasirika kwa tairi, alikasirika kwa hilo. "Kimewekwa tano! Wazee wote walishuhudia." Akamshika mkono, akampeleka mbele ya kioo, akawasha. "Soma."

"Tano."

"Basi?"

"Basi kinasema tano na hakifanyi tano. Mwite Bazilio."

Bazilio alifika kutoka Kibondo na kipimo chake chenye mdomo kama koleo. Aliubana nacho waya unaotoka nyumbani kwenda mtaani. Friza zikivuma, kipimo kilisoma tano. Bazilio akafungua mdomo aseme mambo ni shwari.

"Ngoja," alisema Bi Zaitun.

Friza zikanyamaza. Namba zikaruka zikapita kumi, zikakaa huko, kisha zikaanza kuteremka moja moja mpaka tano. Bazilio aliliangalia lile koleo lake, akalipiga kofi dogo, akaomba friza zianze tena. Ikawa vile vile.

"Huyu mtu wenu ni mzito wa kusikia," alisema mwishowe, akikigonga kisanduku. "Amri ya tano anayo. Lakini jua likiwa kali anazilisha friza na bado anasukuma tano zake nje. Friza zikiacha kula ghafla, kile zilichokuwa zinakula kinatoka nje chote, mpaka yeye azinduke akivute. Siku za kawaida mashine za watu mtaani zinakila, hamjui. Ijumaa maduka yamefungwa. Nani atakula? Kinakwenda kuisukuma jenereta, na jenereta ikisukumwa inajizima ili isiungue."

Nurudini aliketi sakafuni bila kuujali mgongo wake. "Nawe uliponiwekea ulijua kwamba ni mzito?"

"Sikujua. Kioo kilisema tano, nikaamini kioo."

Bazilio akakitia kipimo chake mkobani. Kisha Nurudini akasema, "Kwa hiyo Reverien..."

"Ndiyo," alisema mkewe.

Kikao kikaitwa tena, baraza ile ile. Bi Zaitun alitaka aseme mwenyewe. Alieleza mambo ya friza, ya feni na ya kipimo cha Bazilio, na mwanzoni watu walishusha pumzi. Halafu Mzee Khamisi akakuna kidevu.

"Bazilio ni fundi wenu nyie," alisema. "Sisi tutajuaje kioo kilisoma ngapi kabla hajafika? Huenda kilisoma kumi na tano, mkakirudisha. Kila kinachotoka kwenu si kinapunguza mchango wenu wa dizeli?"

"Mzee, naapa..." alianza Nurudini.

"Usiape. Nina swali lingine. Kila Ijumaa unapita nyuma ya banda, kabla ya watu. Tumekuona. Unapitia nini huko?"

Minong'ono ikazunguka baraza. Bi Zaitun aliijua minong'ono ile. Alishaisikia mahali pale pale, na wakati ule ilimfariji. Akasimama.

"Hakuingia bandani."

"Unajuaje, Bi Zaitun? Wewe Ijumaa uko nyumbani."

Alisita. Tuliokuwepo tuliona akimtazama mumewe, kisha akiyaondoa macho.

"Najua kwa sababu nilimfuata," alisema. "Nilimfuata tangu mlangoni kwangu mpaka msikitini. Anapita kule kwa ajili ya kivuli. Nilisimama ukutani nikautazama mgongo wake, jenereta ikazima naye yuko safu ya mbele. Na Reverien nilimwona amekaa juu ya jiwe, nje, anakula mhogo. Mliponiuliza sikusema hivyo. Nilisema kweli ya kumfukuzisha kazi."

Mtu mmoja alitaka kucheka, akaona hana mwenzake. Nurudini alikuwa amevua kofia yake, ameiweka gotini, anaizungusha kidogo kidogo kwa vidole viwili. Hakumwangalia mkewe. Mwanamke huyo alikuwa amemsafisha mbele ya mtaa mzima, na maji aliyomsafishia ni shaka yake mwenyewe.

Wazee waliamua waya unaotoka kwenye kisanduku cha Nurudini ukatwe, friza zibaki za jenereta, jua lake limlishie taa na redio zake tu. Hilali akapanda, akaukata. Tangu hapo jenereta haikuzima tena Ijumaa. Mzee Khamisi hata hivyo hakuridhika kabisa. Ukimkuta leo atakuambia kwamba kioo kinaweza kuandikwa chochote.

Nyakitonto walikwenda wawili kwa pikipiki ya Nurudini. Bi Zaitun alishika chuma cha nyuma badala ya kumshika mumewe kiuno, na Nurudini alipunguza mwendo kwenye kila shimo ili asianguke.

Walimkuta Reverien uani, yeye na mkewe Immakulata wanapura maharage. Immakulata aliwaletea viti, akabaki amesimama na fimbo yake. Bi Zaitun hakuzunguka. Alieleza kisanduku, akaeleza kikao, akasema wazee wanamwomba arudi kazini.

Reverien alisikiliza mpaka mwisho. Maganda ya maharage yalikuwa yamemshika kwenye nywele.

"Siku ile, mama," alisema, "ulijua kwamba nimekaa nje?"

"Nilijua."

"Uliniona vizuri?"

"Mpaka mhogo niliuona."

Akatikisa kichwa. "Mimi nilimwambia mke wangu, huenda macho ya yule mama ni mabaya. Huenda jua lilimpiga. Muda wote huu nimekuwa nikikutafutia udhuru." Aliinama akaokota fimbo yake. "Sasa umekuja kuninyang'anya hata huo."

Bi Zaitun aliokota ganda la maharage lililokuwa miguuni pake, akalirudisha kwenye lundo. 

"Nisamehe," alisema.

"Umefanya vizuri kuja. Kazi sitaki. Mtaa wenu kitu kikizima mnatafuta mtu." Akarudi kwenye maharage yake. Immakulata akaviangalia viti, wakaelewa, wakainuka.

Hiyo ndiyo habari ya jenereta, na wengi wa mtaani huimalizia hapo. Mimi niliishi ukuta mmoja na Bi Zaitun, kwa hiyo najua kilichobaki.

Nurudini hakumgombeza. Hakumnunia, hakuhama chumba, hakulitaja jambo lile hata siku moja. Ila alianza tabia mpya. Kila alipotoka nyumbani, hata akienda uani kumwaga maji, alisimama mlangoni akasema. "Bi Zaitun, nakwenda kwa kinyozi, halafu nitapita kwa Hilali kuchukua nyundo." Au, "Nakwenda msikitini, nitapita njia ya nyuma, kuna kivuli." Alisema kwa upole, sauti yake ile ile ya siku zote, na alikwenda hasa pale aliposema.

"Nenda salama," mkewe alijibu.

Nguzo zilipofika mtaani kwetu mwaka 2015, na jenereta ikauzwa kwa mtu wa Kakonko, bado alikuwa akiaga vile. Siku moja Bi Zaitun, ananipimia mchele, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninadhani mumewe anaaga hivyo kwa mapenzi au kwa kumsuta. Nikamwambia amuulize mwenyewe.

"Nimuulize?" alisema, akikaza fundo la gunia. "Na akinijibu ni mapenzi, nitajuaje?"